Makumbusho yakifunguliwa usiku: sanaa ya kwia, disko, na usiku wetu wa Kigoma ambao hatujauhifadhi

Mleta mada

Wakuu wa Kigoma, Ujiji, Kasulu na popote mlipo, habari za jioni.

Nina jambo ambalo najua litatugawa, na naomba tulijadili kwa adabu. Makumbusho mengi makubwa ya Ulaya na Marekani yana desturi ya kufungua milango usiku, watu wakishatoka makazini. London, makumbusho ya V&A yamejulikana kwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Berlin walianza mwaka 1997 kuwa na usiku mmoja ambao makumbusho ya mji mzima yanakesha. DJ anafunga mitambo ukumbini, watu wanakuja wamependeza, na ukichoka kucheza unaingia chumba cha pili unakutana na kazi za wasanii ambao hujawahi hata kuwasikia. Baadhi ya hafla hizo zimetengwa kwa ajili ya sanaa ya kwia, yaani kazi za watu wanaopenda wa jinsia yao, na za wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo wanayoiishi.

Kila nikieleza hili naulizwa: kwa nini iwe sherehe? Si watundike picha, watu waje mchana, waangalie, waondoke?

Ninavyoamini mimi, sanaa hiyo haikuzaliwa mchana. Mchana watu hao walikuwa makarani, mafundi cherehani, wahudumu wa hoteli, wakificha nusu ya maisha yao. Usiku, kwenye klabu yenye mlango mdogo, ndipo walipoweza kuvaa, kuimba, kuchora na kupendana. Kwa hiyo klabu ndiyo iliyokuwa karakana yao, na ndiyo iliyokuwa ukumbi wao wa maonyesho. Ukichukua vazi la klabu ukalitundika kwenye kioo saa nne asubuhi, kimya, umehifadhi kitambaa. Muziki, jasho na kundi la watu waliolishangilia vazi lile vimebaki nje.

Chukua mfano wa Leigh Bowery. Alizaliwa Australia mwaka 1961, akahamia London mwaka 1980, na mwaka 1985 akaanzisha klabu iliyoitwa Taboo pale Leicester Square. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kazi ya sanaa: alijipaka rangi kichwani zikamtiririka usoni, akavaa nguo zilizoubadilisha mwili wake hadi usijue bega liko wapi. Mwaka 1988 alijionyesha kwenye jumba la sanaa la Anthony d'Offay nyuma ya kioo cha upande mmoja. Watazamaji walimwona, yeye akajiona mwenyewe tu. Mchoraji Lucian Freud alimchora mara kadhaa. Bowery alifariki tarehe 31 Desemba 1994, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwaka 2025 Tate Modern, moja ya makumbusho makubwa kabisa ya sanaa duniani, ilimfanyia maonyesho makubwa. Miaka thelathini imepita tangu afe, na nguo zilizoshonwa kwa ajili ya usiku mmoja sasa zinashikwa kwa glavu.

Sasa nije nyumbani. Nenda makumbusho ya Ujiji. Utakuta sanamu za Livingstone na Stanley wamesimama wakisalimiana, kumbukumbu ya mwaka 1871, na utaonyeshwa miembe. Sawa, ni historia. Lakini je, usiku wa mji huu uko wapi? Zile bendi za dansi, wale washonaji wa sare, wale waliokesha? Hakuna hata bango moja.

Naomba michango.

Kijana wa Mwanga

Mkuu nimesoma yote. Mimi ni mtu wa mitambo, napiga muziki kwenye sherehe hapa Mwanga, na sikuwahi kufikiria kwamba klabu inaweza kuwa historia. Nilidhani historia ni vita na watawala. Hebu fafanua: huko kwenye hizo hafla DJ anapiga nini? Nyimbo za zamani au hizi za sasa?

Mleta mada

Swali zuri, na jibu lake linakugusa wewe moja kwa moja.

Hapo Mwanga wiki nzima unapiga amapiano, sivyo? Amapiano ilikulia vitongoji vya Afrika Kusini, na mzazi wake mmoja ni muziki wa house. House nayo ilitoka Chicago, kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, iliyofunguliwa mwaka 1977. DJ wake alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1955. Waliojaza ukumbi ule mwanzoni walikuwa zaidi vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao wanaume wanaopenda wanaume. Jina house lenyewe linasemekana limekatwa kutoka Warehouse.

Kisa chenyewe kina uchungu ndani yake. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, hapo hapo Chicago, wapinzani wa disko walikusanya sahani zake kati ya mechi mbili wakazilipua kwa baruti, umati ukavamia uwanja. Wengi walioishi wakati ule wanasema jambo lile halikuhusu muziki tu, ilikuwa chuki kwa watu weusi na mashabiki wa kwia waliokuwa na disko yao. Redio zikaiacha disko. Knuckles hakuacha. Alichukua nyimbo za sahani zilezile akazikata na kuziunganisha upya, akarefusha midundo, akaongeza mashine ya ngoma. Waliotupwa nje ya redio ndio waliotengeneza muziki ambao leo unasikika hadi kwenye maboti ya Kibirizi. Mwaka 2023 jengo lile la Warehouse lilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la mji wa Chicago.

Kwa hiyo makumbusho yakimwita DJ apige house katikati ya picha, hajaletwa kuchangamsha wageni. Muziki wake ni sehemu ya maonyesho sawasawa na picha za ukutani.

Kijana wa Mwanga

Dah. Nimepiga huo mdundo miaka yote bila kumjua mwenyewe. Kuanzia leo nitamtaja Knuckles.

Mzee wa Bangwe

Mleta mada, mimi ni mtu mzima na nitakwambia wazi. Mambo haya dini zetu haziyakubali, mila za Waha haziyakubali, na sheria ya nchi haiyakubali. Ya Chicago yabaki Chicago. Usituletee hapa kwa kisingizio cha makumbusho. Habari ya bendi nakuunga mkono, hiyo nyingine uiache.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia na siwezi kukuvunjia heshima.

Sheria naijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika hadi kifungo cha maisha, na simwambii mtu yeyote hapa aende akaandae hafla ya namna hiyo Kigoma. Ningekuwa nahatarisha watoto wa watu.

Ila mzee, naomba nikuonyeshe jambo moja. Mwaka 2017 Tate Britain, jumba la sanaa la London, iliweka maonyesho ya sanaa ya kwia ya Uingereza kuanzia 1861 hadi 1967. Miaka hiyo haikuchaguliwa ovyo. Mwaka 1861 ndipo adhabu ya kifo kwa kosa hilo ilipofutwa kule, na 1967 ndipo uhusiano wa faragha kati ya wanaume wawili wenye umri wa kuanzia miaka 21 ulipoacha kuwa kosa katika Uingereza na Wales. Ndani ya maonyesho waliweka mlango wenyewe wa chumba cha gereza la Reading alichofungiwa mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwaka 1895 miaka miwili na kazi ngumu. Pembeni yake, picha yake ya rangi akiwa kijana mwenye afya na fahari. Watu walisimama kati ya vile viwili. Waingereza hawakufanya vile kujisifu. Walikuwa wanaonyesha walichomfanyia mtu wao. Na Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ina mizizi katika sheria za wakati wa Waingereza hao hao.

Mzee, mimi sikulazimishi ubadili imani yako. Nasema kitu kidogo kuliko hicho: mtu akiwa na kipaji, akashona, akaimba, akachora, kazi yake isichomwe moto kwa sababu ya alivyopenda. Berlin mwaka 1933 Wanazi waliivamia taasisi ya daktari Magnus Hirschfeld, iliyokuwa na maktaba kubwa ya masuala haya, na vitabu vyake vikachomwa hadharani mwezi Mei. Vingi vilivyopotea siku zile havikupatikana tena. Tena miongoni mwa wanaosoma uzi huu kimya kimya yumo kijana wa Kigoma ambaye hajawahi kuona mtu akimzungumzia kama binadamu mwenye historia. Huyo namwandikia pia, na ninamheshimu.

Mzee wa Bangwe

Marahaba. Hatujakubaliana, lakini umejibu kiungwana. La kuchoma vitabu nakubaliana nawe. Nabaki kusoma ya bendi.

Mhifadhi

Nimesomea uhifadhi wa vitu vya kale, niongeze upande wa kazi, maana watu wanadhani kufungua makumbusho usiku ni kuongeza spika tu.

Kwanza mwanga. Nguo na karatasi huharibiwa na mwanga, na uharibifu haurudi nyuma. Kiwango kinachotumika sana kwa vitu hivyo ni lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu kabisa. Ndiyo maana taa za disko haziruhusiwi kumulika vazi lililo wazi. DJ anawekwa ukumbi mkubwa wenye mawe na vyuma, vitambaa na michoro vinabaki vyumba vya pembeni.

Pili besi. Mtikisiko wa sauti nzito unasogeza vitu juu ya rafu kidogo kidogo hadi vinaanguka, na rangi ya zamani iliyoanza kuinuka inabanduka. Vitu dhaifu huondolewa kabla.

Tatu vinywaji. Vyombo haviingii vyumba vya maonyesho, na sehemu nyingine divai nyekundu haimwagwi kabisa jengo zima, kwa sababu ya doa. Halafu pumzi na jasho la watu mia kadhaa linapandisha unyevu, na unyevu ni mlango wa ukungu. Kwa Ujiji, ziwa likiwa karibu na masika yakinyesha, hilo la unyevu ndilo ningelianza nalo hata kabla ya kuwaza sherehe.

Nguo za klabu zina shida yake ya pekee. Zimeshonwa haraka kwa gundi, plastiki, sponji na shanga za bei rahisi. Plastiki za namna hiyo hukauka, hunata, hupasuka. Joho la sultani la hariri linaweza kudumu kuliko vazi la disko la mwaka 1985. Kwa hiyo anayesema tusubiri mpaka jamii iwe tayari ndipo tukusanye, ajue vitu havisubiri.

Isevya, Tabora

Mwangaluka wana Kigoma. Uzi huu umenifanya niache chakula.

Mmesema bendi, basi Tabora tuna haki ya kusema. Kiko Kids walikuwa hapa, kisha Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Na msisahau kwamba Shem Karenga aliyevuma na Tabora Jazz alikuwa mtu wenu wa Kigoma, alipita Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja kwetu. Reli ndiyo iliyokuwa ikibeba hawa watu: mpiga gitaa akitoka Kigoma jioni na treni, anaamkia kwetu.

Nikiingia makumbusho ya Kwihara, pale kwenye tembe alilokaa Livingstone, nakuta mgeni aliyepita. Waliokesha wakicheza mji huu na kuupa jina Afrika Mashariki nzima hawamo. Mleta mada una haki. Suti za bendi zimeliwa na nondo, mabango yalifungiwa vitumbua, kanda zimerekodiwa mahubiri juu yake.

Kuhusu hao wa kwia sina neno la kusema, sijui mengi. Ila mantiki ya kwamba ukumbi wa usiku ni kumbukumbu, hiyo nimeielewa vizuri.

Binti Ujiji

Naomba kuongea kama mwanamke.

Mnaongea bendi na wanaume wa magitaa. Usiku wa Ujiji ulikuwa wa wanawake pia. Bibi zetu walikuwa na vyama vya ngoma, wana sare, wana viongozi, wana michango, wanashindana chama na chama. Beni, ngoma ya kuiga gwaride la kijeshi, ilipoingia bara na vyama vya Marini na Arinoti, na vyeo vyao vya kingi na gavana, wanawake nao walikuwa na pande zao. Usiku ule mke wa mtu alikuwa mtu mwingine: anaamrisha, anatoa hukumu, anavaa asichoweza kuvaa sokoni. Kuna nyimbo zilizoimbwa huko ambazo mchana zisingesemwa. Hakuna aliyeziandika kwa sababu zilionekana upuuzi wa wanawake.

Ndiyo maana naielewa mada hii kwa ndani kuliko wanaume walioitolea macho. Kilichowapata wasanii wa kwia ndicho kilichowapata bibi zetu: kazi yao iliitwa starehe, ikaachwa nje ya vitabu.

Mleta mada umetaja UKIMWI ukapita haraka. Usipite. Marekani ugonjwa ulipowaangusha wanaume wanaopenda wanaume na serikali ikachelewa kusema, marafiki na mama zao walishona. Kila marehemu kipande chake cha nguo, ukubwa wa kaburi, jina lake likiwa limeshonwa juu. Tarehe 11 Oktoba 1987 wakavitandaza Washington, vipande 1,920, na majina yakasomwa kwa sauti. Baadhi yao familia zilikuwa zimekataa hata kuwazika. Sisi mikoa hii tulizika sana miaka ile. Tunajua nyumba ambazo jina la mtu halitajwi mpaka leo kwa sababu ya alichofia. Nikisoma habari za ule mshono silioni jambo la Marekani. Naiona haki ya kutajwa jina.

Kijana wa Mwanga

Dada umenitoa machozi, sitanii.

Mwanasheria wa Lumumba

Tahadhari fupi kwa wote. Jadilini sanaa na historia, hakuna tatizo. Lakini mtu asiweke hapa jina wala picha ya mtu aliye hai akimhusisha na mambo haya, hata kwa nia njema, hata kwa kusifu. Mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba au uhuru wake. Moderata aufute mara moja mchango wa namna hiyo.

Mleta mada

Naliunga mkono hilo kwa mikono miwili.

Binti Ujiji, ahsante. Niliandika kuhusu London na Chicago kwa sababu huko kuna kumbukumbu zilizotunzwa na mtu anaweza kuzisoma. Wewe umeleta kile ambacho hakijaandikwa popote, na ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipofungua uzi.

Kuna msanii mmoja nataka vijana wamjue, maana ni Mwafrika na hajakimbilia popote. Zanele Muholi, mpiga picha, alizaliwa Umlazi, Durban, mwaka 1972. Tangu 2006 amekuwa akipiga picha za wanawake weusi wanaopenda wanawake na watu waliovuka jinsia, wa vitongoji vya Afrika Kusini, mmoja mmoja, wanaitazama kamera usoni. Nchi ile katiba yao ya 1996 inakataza ubaguzi wa aina hiyo, lakini wanawake hao wanabakwa na kuuawa mitaani. Muholi anarudi kwa mtu yuleyule baada ya muda kumpiga tena. Kwenye mfululizo ule kuna nafasi zilizoachwa tupu ukutani, za wale ambao picha yao haikupigwa au ambao wameondoka. Kazi hiyo ilifika Tate Modern mwaka 2020. Haina disko wala kumetameta. Inasema tu kwamba hawa walikuwepo.

Na sasa niseme ninachokitaka hapa kwetu. Sitaki tuige sherehe ya London. Nataka usiku mmoja Ujiji, wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu kwa kuwa taa zao hazivuti samaki, makumbusho ifunguliwe jioni. Kijana wa Mwanga apige santuri za Lake Tanganyika Jazz na Tabora Jazz. Wazee waliocheza wakae mbele waeleze: mlivaa nini, mlilipa kiingilio gani, nani aliruhusiwa kuingia na nani alizuiwa mlangoni. Swali hilo la mwisho liulizwe kwa dhati, na majibu yarekodiwe hata kama hayatachezwa hadharani leo. Mwanamke aliyekuja peke yake, kijana aliyecheza tofauti, mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa, wote walipita kwenye milango ile. Kumbukumbu ikichaguliwa mapema kwa kumwondoa huyu na yule, wajukuu watarithi sanamu mbili na mwembe.

Mhifadhi

Kama mko serious tuanze na vitu kabla ya hafla. Picha na mabango msivipige kwa simu chini ya taa ya njano. Tafuteni skana ya kawaida ya ofisini, dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha), mhifadhi faili la TIFF, lisilopunguza ubora, na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kalamu ya wino hapana. Kanda zisichezwe kwenye redio kaseti mbovu, zitakatika. Nguo zisifuliwe. Narudia, zisifuliwe, jasho na vumbi la ukumbi navyo ni ushahidi.

Isevya, Tabora

Mjomba wangu ana sanduku la bati lenye picha za ukumbini, baadhi zimeshikana. Nizibandue?

Mhifadhi

Usiguse kabisa. Ziache zilivyo, sehemu kavu, ndani ya bahasha ya karatasi, plastiki usitumie. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Na mjomba mrekodi wiki hii, akitaja jina la kila aliyemo pichani.

Binti Ujiji

Mimi naanza na bibi Jumapili baada ya adhuhuri. Anayejua maneno ya nyimbo za vyama vya Ujiji anifuate pembeni, hasa zile za mafumbo. Wanaume mtasubiri zamu yenu.